Muziki Katika Simu: Je, Namba Kubwa Ni Sauti Nzuri Zaidi?

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA ELIMU YA WATU WAZIMA
MAZIMBU, MOROGORO

Maneno yaliyosomwa redioni yamepigwa chapa hapa ili wanafunzi wayasome wenyewe, polepole, wakisaidiana na mwalimu. Mwalimu aanze na Maneno Mapya. Kisha kila mwanafunzi asome fungu moja kwa sauti, na wenzake wasikilize.

MANENO MAPYA

Mtikisiko: kutetemeka kwenda na kurudi, kama uzi wa gitaa ulioguswa.
Hezi: hesabu ya mitikisiko katika sekunde moja. Uzi ukitikisika mara 100 kwa sekunde, twasema hezi 100.
Desibeli: kipimo cha ukubwa wa sauti.
Biti: tarakimu moja ya kompyuta, ama 0 ama 1.
Megabaiti: kipimo cha mzigo unaopita katika simu. Megabaiti 1,000 ni gigabaiti moja.
Kubana: kupunguza mzigo wa sauti ili uchukue nafasi ndogo.

SWALI LA LEO

Nawakaribisha ninyi nyote mlioketi darasani Mazimbu na Kihonda, na ninyi mlioko milimani, Mgeta na Matombo, mnaosikiliza baada ya kazi za shamba.

Darasa moja la Mazimbu limetuletea swali zuri. Wanasema hivi: “Vijana wetu hutuambia kwamba nyimbo za zamani za Morogoro Jazz zasikika vizuri zaidi ukizifungua katika simu kwa sauti ya hali ya juu. Lakini nyimbo hizo hula kifurushi kama moto ulavyo nyasi kavu. Je, ni kweli sauti ile ni bora, ama twatupa fedha?”

Swali hili ni la fedha, na ni la urithi wetu pia. Nitawapa jibu tangu mwanzo, kisha nitawaonyesha sababu zake, maana haimpasi mtu mzima kukubali jambo kwa kuwa tu limesemwa redioni.

Jibu ni hili. Sauti iliyobanwa mno ni mbaya, na kila mtu aweza kuusikia ubaya wake. Lakini ukishafika kipimo fulani, kuongeza namba hakuongezi kitu masikioni mwa msikilizaji. Namba kubwa zina kazi yake, na kazi hiyo ni ya fundi anayenasa au anayenakili sauti. Si kazi ya msikilizaji aliyeketi barazani.

SAUTI NI NINI?

Ukipiga uzi wa gitaa, uzi hutikisika. Mtikisiko wa uzi huisukuma hewa, na hewa hiyo huisukuma ngoma nyembamba iliyo ndani ya sikio lako. Hapo ndipo unaposikia.

Uzi ulio mnene kuliko zote katika gitaa hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba hutikisika kama mara 330. Marakasi na matoazi hutoa mitikisiko ya kasi zaidi, maelfu na maelfu kwa sekunde.

Sikio la mwanadamu lina mipaka yake. Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi. Kadiri miaka inavyopita, zile sauti nyembamba za juu hupotea kwanza. Mtu wa makamo mara nyingi hasikii tena hezi 16,000. Huo si ugonjwa. Ni umri tu, kama mvi.

Popo wanaoruka jioni kwenye miembe yetu hupiga kelele nyingi zilizo juu ya hezi 20,000. Kelele hizo zipo, na vyombo vya wataalamu huzipima, lakini sisi hatuzisikii. Shikeni jambo hili, tutalirudia.

MTI WENYE ALAMA KATIKA MTO

Sasa, sauti yaingiaje katika simu? Simu haina uzi wala ngoma. Ina namba tu. Basi lazima sauti igeuzwe kuwa namba.

Fikirini mto wetu wa Ngerengere wakati wa masika. Mwanakijiji mmoja amepewa kazi ya kuandika kina cha maji. Amechomeka mti mtoni, na juu ya mti amechora alama. Kila mara huenda akaangalia maji yamefika alama gani, kisha huandika namba katika daftari.

Mtu huyu ana maswali mawili. La kwanza, aende mtoni mara ngapi? Akienda mara moja kwa juma, maji yaweza kujaa usiku mmoja na kupungua kesho yake, naye asijue. Akienda kila saa, daftari lake litaonyesha vizuri jinsi mto ulivyopanda na kushuka.

La pili, alama za mti ziwe karibu kiasi gani? Zikiwa mbalimbali, kila futi moja, ataandika tu “futi tatu” au “futi nne”, na yaliyo katikati yatapotea. Zikiwa karibu karibu, ataandika kina chenyewe hasa.

Kunasa sauti kwa namba ni vivyo hivyo. Swali la kwanza ni kupima mara ngapi kwa sekunde. Swali la pili ni wingi wa alama, nao huhesabiwa kwa biti. Biti 16 hutoa alama 65,536. Biti 24 hutoa alama zaidi ya milioni 16.

Mtaniuliza, “Je, kupima mara nyingi zaidi si bora siku zote?” La. Kama maji ya mto hayabadiliki ndani ya dakika moja, basi kwenda kuyapima kila sekunde ni kujaza daftari bure. Mtaalamu Harry Nyquist alieleza msingi wa jambo hili huko Marekani mwaka 1928, na Claude Shannon akalithibitisha kwa hesabu mwaka 1949. Kanuni yao ni kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa kasi kuliko yote unayoitaka, waweza kuirudisha sauti hiyo kamili, bila pengo. Ikiwa sikio huishia hezi 20,000, basi kupima mara 40,000 na kitu kwa sekunde kwatosha.

Ndiyo maana kampuni za Philips na Sony, zilipoleta sahani ya CD sokoni mwaka 1982, zilichagua kupima mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16. Waliacha ziada kidogo juu ya mpaka wa sikio.

NAMBA KUBWA ZA SIKU HIZI

Leo watu wengi hawanunui sahani wala kaseti. Muziki huja kwa mtandao, wimbo baada ya wimbo, na kila wimbo hula kifurushi. Huduma nyingi hutoa wimbo uliobanwa. Njia ya kubana iliyosifika sana ni MP3, iliyotengenezwa na wataalamu wa Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, katika miaka ya 1980 na 1990.

Njia hii hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halingezisikia. Mashine ya kusaga inaponguruma, husikii saa ya ukutani ikigonga, ingawa inagonga. MP3 huibakiza mashine na kuitupa saa. Ikitupa kwa kiasi, hutambui. Ikitupa mno, muziki huharibika. Matoazi huwa kama maji yanayochuruzika, na sauti ya mwimbaji huwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Baadaye zikaja huduma zisizotupa kitu. Tidal ilianza mwaka 2014 kwa sauti ya kiwango cha CD. Apple Music iliongeza sauti isiyotupa kitu mwaka 2021, hadi kupima mara 192,000 kwa sekunde kwa biti 24. Spotify nayo ilianza kuitoa mwaka 2025, kwa biti 24 na vipimo 44,100.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Hapa mambo mawili huchanganywa. Kutotupa kitu ni jambo moja. Kuongeza namba juu ya kipimo cha CD ni jambo jingine. La kwanza lina maana ndogo kwa msikilizaji. La pili karibu halina maana.

WATU WALIPIMWA, WAKAJIBU NINI?

Jambo hili halitaki ubishi wa kijiweni. Lataka kupimwa. Huko Boston, Marekani, Bwana Brad Meyer na Bwana David Moran walifanya hivyo, na mwaka 2007 wakaandika matokeo yao. Waliwachezea watu muziki wa namba kubwa, kisha muziki ule ule uliopitishwa katika kipimo cha CD. Msikilizaji hakuambiwa upi ni upi. Alipaswa kutambua mwenyewe. Majaribio yalikuwa 554. Majibu sahihi yalikuwa 49.8 katika kila 100.

Sasa fikirini. Ukirusha sarafu hewani, kichwa au mwenge, utapata sahihi 50 katika kila 100 bila kusikia lolote. Basi watu wale, wakiwamo mafundi wa sauti, hawakuishinda sarafu.

Mwaka 2016 Bwana Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya majaribio 18 ya namna hii na kuyahesabu pamoja. Majibu yalizidi 12,000. Yaliyo sahihi yalikuwa 52.3 katika kila 100. Waliofundishwa kwanza nini cha kusikiliza walifanya vizuri zaidi, karibu 62 katika kila 100. Kwa hiyo twaweza kusema kwa haki kwamba tofauti huenda ipo, lakini ni ndogo mno hata mtu aliyekaa kimya, mwenye vyombo vizuri na mafunzo, huikosa mara nyingi.

Mbona basi watu huapa kwamba wanaisikia? Sababu ni mbili, na hazina uongo ndani yake. Ya kwanza, sauti ikiwa kubwa hata kidogo tu kuliko nyingine, sikio huiita nzuri. Ya pili, mara nyingi wimbo unaouzwa kwa namba kubwa umesafishwa upya na fundi, kelele zikaondolewa na besi ikarekebishwa. Hapo msikilizaji husikia tofauti ya kweli, lakini inatokana na mkono wa fundi. Usafi ule ule ungesikika hata katika kipimo cha CD.

NYIMBO ZETU ZA MOROGORO

Sasa turudi nyumbani. Morogoro ni mji wa muziki. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoongoza Cuban Marimba mpaka alipofariki mwaka 1965, na Juma Kilaza akaendelea na kazi. Hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipong'ara na gitaa lake katika Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Japani mwaka 1970 kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka aliunda Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya.

Sauti zao zilinaswa vipi? Nyingi zilinaswa katika studio ya redio ya taifa mjini Dar es Salaam, iliyoitwa Radio Tanzania Dar es Salaam tangu mwaka 1965, na leo ni sehemu ya TBC. Nyingine zilitolewa katika santuri huko Nairobi. Wapigaji walisimama pamoja katika chumba kimoja, vipaza sauti vikiwa vichache, na mashine ikizungusha mkanda wa sumaku wenye upana wa robo inchi. Nyingi za rekodi za miaka ya 1960 zilikuwa za njia moja tu. Maana yake, spika ya kulia na spika ya kushoto husema neno lile lile.

Mkanda ule ulikuwa na mvumo wake, “shhh” isiyokwisha. Kati ya mvumo huo na sauti kubwa kuliko zote ambayo mkanda uliweza kubeba, palikuwa na nafasi ya desibeli 60 hadi 70 hivi. Biti 16 za CD zina nafasi ya desibeli 96. Kwa hiyo debe la CD tayari ni kubwa kuliko maji yaliyomo. Ukichukua maji yale yale ukayamimina katika pipa, hayaongezeki. Pipa ni kubwa, maji ni yale yale, na wewe umelipa nauli ya kubeba pipa.

Tena, wengi wetu nyimbo hizi hatukuzijua kwa mkanda. Tulizijua, au wazazi wetu walizijua, kwa redio ya masafa ya kati na masafa mafupi. Redio ya namna hiyo kwa kawaida haipitishi sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi. Hata hivyo watu walilia na kucheza. Gitaa la Mbaraka lilipenya katika tundu lile dogo likafika mioyoni mwao.

Hii haina maana kwamba ubora si kitu. Nakala iliyotolewa vizuri kutoka mkanda wa kwanza yapendeza sana kuliko nakala ya kaseti ya kaseti, iliyopita mikono kumi kabla ya kuwekwa mtandaoni. Kwa hiyo ukitafuta wimbo wa zamani, uliza kwanza nakala ilitoka wapi. Uchafu ulioingia mkandani mwaka 1975 hauondolewi na namba kubwa ya leo. Namba kubwa huunakili uchafu huo kwa uaminifu.

NJIA NDEFU MPAKA SIKIONI

Hata kama wimbo umenaswa leo, kwa vyombo vipya kabisa, sauti hupita njia ndefu. Hutoka kwenye huduma, huingia katika simu, hupita katika waya au hewani, huingia katika spika, huzunguka chumbani, ndipo ifike sikioni. Njia nzima haiwezi kupitisha zaidi ya kile kinachopita mahali pembamba kuliko pote.

Wengi wetu husikiliza kwa spika isiyo na waya, ile ya Bluetooth. Spika hiyo kwa kawaida hupokea sauti iliyobanwa upya na simu. Hata ukifungua namba kubwa kuliko zote, simu huzipunguza kabla ya kuzirusha. Ni kama kununua mchele wa daraja la kwanza, kisha kuuchanganya na chenga mlangoni pako.

Tena kuna mahali penyewe. Chumba kimya usiku kina desibeli 30 hivi za kelele zake, vyura na upepo na jirani. Ndani ya daladala iendayo Msamvu kelele ni mara nyingi zaidi. Katika hali hiyo hakuna mtu duniani atakayesikia alama ya ishirini na nne ya biti.

Ukiwa na shilingi za ziada na ukapenda muziki, nunua vipokea sauti vizuri vya masikioni, au spika nzuri kidogo. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na kila sikio huisikia siku hiyo hiyo.

HESABU YA KIFURUSHI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni kalamu. Tuchukue wimbo wa dakika nne.

Wimbo uliobanwa vizuri huchukua biti 320,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, upate baiti 40,000. Zidisha kwa sekunde 60, upate megabaiti 2.4 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 4. Jibu ni megabaiti 9.6.

Wimbo wa kipimo cha CD, kabla ya kubanwa: 44,100 mara biti 16 mara njia 2. Hiyo ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Kwa dakika nne ni kama megabaiti 42.

Wimbo wa namba kubwa, vipimo 96,000 kwa biti 24, njia 2: biti 4,608,000 kwa sekunde. Kwa dakika nne ni kama megabaiti 138.

Huduma hizi hubana hizo mbili za mwisho bila kutupa kitu, kama mtu anayekunja nguo vizuri sandukuni, na mzigo hupungua karibu nusu. Tuseme basi wimbo wa namba kubwa wafika kwako ukiwa megabaiti 80.

Sasa una kifurushi cha gigabaiti moja, yaani megabaiti 1,000. Kwa wimbo uliobanwa vizuri utasikiliza nyimbo 104. Kwa wimbo wa namba kubwa utasikiliza nyimbo 12, na kifurushi kimekwisha. Nyimbo 92 zimekwenda wapi? Zimelipia mitikisiko ambayo popo pekee angeisikia, na alama ambazo zimefunikwa na mvumo wa mkanda.

Mwenye simu aingie katika mipangilio ya huduma anayoitumia, atafute mahali palipoandikwa ubora wa sauti. Kwa kusikiliza kwa kifurushi, achague daraja la kati au la juu la sauti iliyobanwa. Asichague la chini kabisa, maana hapo ndipo matoazi yanapochuruzika. Kama yuko mahali penye Wi-Fi ya bure, kama wanafunzi wa kampasi ya Solomon Mahlangu hapa Mazimbu wanapokuwa chuoni, na achague apendavyo. Hatapata hasara, wala hatapata faida kubwa.

NAMBA KUBWA NI ZA NANI?

Je, namba kubwa ni ulaghai mtupu? Hapana. Tumtazame fundi cherehani. Anapokata kitambaa huacha ziada ya mshono, kwa sababu atakunja, atashona, na pengine atalegeza baadaye. Bila ziada hiyo nguo ingemharibikia mkononi. Lakini mvaaji havai ziada. Akivaa, nguo imekwisha.

Fundi wa sauti naye ni hivyo. Anaponasa, hajui mwimbaji atapaza sauti kiasi gani, basi biti 24 humpa nafasi asikosee. Anaposafisha mkanda wa zamani, hufanya hesabu juu ya hesabu, na kila hesabu hukwangua kidogo. Ziada humlinda. Akimaliza, hutoa nguo iliyokamilika, na nguo hiyo yatosha kuwa ya kipimo cha CD.

Ndiyo sababu Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti, IASA, huwashauri wenye mikanda ya zamani wainakili kwa biti 24, na kwa vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde. Wengi hutumia 96,000. Nakala hiyo hufanywa mara moja, kwa ajili ya wajukuu.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye jambo kubwa kuliko kifurushi. Mkanda wa sumaku hauishi milele. Joto na unyevu huula. Gundi iliyoushika unga wa sumaku hulegea, ukanda hunata au hupukutika. Mashine za kuuzungusha zimekuwa chache, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Mkanda ambao leo waweza kunakiliwa, baada ya miaka fulani huenda usiweze kuchezwa hata mara moja. Ukipotea umepotea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi kama kuna mzee mwenye kaseti au mkanda wa harusi ya mwaka 1972, wa ngoma za Waluguru, wa bendi ya mtaani, au wa hotuba ya marehemu baba yake, asiuweke juani wala darini penye joto. Auweke pakavu, penye kivuli, mbali na sumaku za spika. Amtafute mtu mwenye mashine safi, aunakili kwa namba kubwa awezavyo, na nakala ziwekwe mahali pawili. Gigabaiti anazozitumia hapo hazipotei bure hata moja.

JARIBIO LA DARASANI

Msiniamini mimi. Jipimeni. Darasa litafute simu moja yenye huduma inayotoa sauti za aina mbili, na vipokea sauti vya waya. Chagueni wimbo mmoja.

Kwanza, rekebisheni sauti zote mbili ziwe na ukubwa sawa. Pili, mtu mmoja ashike simu pasipo kuonekana. Arushe sarafu. Kikija kichwa, acheze sauti iliyobanwa vizuri. Ukija mwenge, acheze ile ya namba kubwa. Msikilizaji aseme ni ipi, na mwenye simu aandike bila kumjibu. Fanyeni hivyo mara 16.

Anayebahatisha atapata kama 8. Akipata 12 au zaidi, mpeni heshima yake, maana kwa kubahatisha tu jambo hilo hutokea chini ya mara 4 katika kila 100. Kisha mpimeni tena siku ya pili. Akirudia, ana masikio kuliko wengi wetu, na kifurushi chake ni shauri lake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Moja. Sauti iliyobanwa mno huharibika, na kila mtu husikia. Iliyobanwa vizuri huwatosha karibu watu wote.
Mbili. Kipimo cha CD hufunika mpaka wa sikio la mwanadamu.
Tatu. Namba kubwa haziongezi kitu ambacho mkanda wa zamani haukukinasa.
Nne. Spika nzuri na nakala nzuri zina faida kuliko namba kubwa.
Tano. Namba kubwa ni za mwenye kunasa na mwenye kuhifadhi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtu wa mto Ngerengere alikuwa na maswali gani mawili? Yanahusianaje na sauti katika simu?
2. Kifurushi cha gigabaiti mbili kitatosha nyimbo ngapi za megabaiti 9.6? Na ngapi za megabaiti 80?
3. Kwa nini msikilizaji katika jaribio hapaswi kujua anasikiliza sauti ipi?
4. Nani katika mtaa wenu ana kaseti au mkanda wa zamani? Darasa laweza kumsaidia vipi?

Swali la nne mlijibu kwa vitendo kabla ya masika. Unyevu haungoji. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na msome salama.